Kuoksidisha haidrokaboni kwenye mikroriakta: mapovu, membreni, utando unaoshuka au punje?

Watu wengi wanaooksidisha haidrokaboni wakishaamua kuachana na chungu cha kukoroga na kuhamia mikroriakta, yaani chaneli nyembamba, wanakwama palepale mlangoni, manake ukisoma machapisho unakuta kila kundi linasifia chombo chake, huyu anapitisha mapovu kwenye kapilari, yule ana bomba ndani ya bomba, mwingine kajaza punje za kichocheo, na grafu za wote zinapendeza. Sasa uchukue kipi? Hii nimeandika kwa ajili ya mtu aliyefika hapo. Sitakutajia kilicho bora kuliko vyote kwa sababu hakipo, na ukikutana na anayesema kipo mwulize kwanza alikuwa anatengeneza nini.

Swali hilo la "unatengeneza nini" ndo la kuanza nalo. Haidrokaboni haigeuki bidhaa kwa hatua moja, inapanda ngazi. Radikali yake, yaani molekuli iliyopoteza hidrojeni moja ikabaki na elektroni isiyo na mwenzake, inakutana na oksijeni, hapo ni haraka mno, inakuwa radikali ya peroksi. Peroksi nayo inang'oa hidrojeni kwenye molekuli nyingine ya haidrokaboni, na hapa ndo polepole, unapata haidroperoksidi pamoja na radikali mpya, mzunguko unaendelea. Haidroperoksidi ikipasuka inazaa radikali nyingine, ndo maana mmenyuko huu unajichochea wenyewe, halafu zinatokea alkoholi na ketoni, ukizubaa zinakuwa asidi, ukizubaa zaidi unabaki na kaboni dioksidi na maji.

Kinachouma ni kwamba bidhaa za katikati zinashambuliwa kirahisi kuliko malighafi yenyewe. Saikloheksani viwandani inaendeshwa kwenye nyuzi 140 mpaka 165 hivi, inaachwa ibadilike asilimia 4 hadi 6 tu, halafu iliyobaki inatenganishwa na kurudishwa mwanzo, kwa sababu ukisogea zaidi ya hapo ile saikloheksanoni na saikloheksanoli uliyoihangaikia inaanza kuliwa. Kumeni inasimamishwa kwa makusudi kwenye haidroperoksidi, maana hiyo ndo inayopasuliwa baadaye kutoa fenoli na asetoni. Paraksilini yenyewe inapelekwa mpaka juu kabisa kwenye asidi tereftaliki, kwa kobalti, manganizi na bromidi ndani ya asidi asetiki. Watatu hawa wanasimama ngazi tofauti, kwa hiyo chombo kitakachomfaa mmoja kinaweza kumharibia mwenzake.

Vigezo vya kupimia

Oksijeni. Hapa kuna mambo mawili ambayo watu wanayachanganya: inaingia kwa kasi gani, na inatosha kiasi gani. Piga hesabu kidogo. Lita 1 ya saikloheksani ina moli 9.3 hivi. Ukitaka asilimia 5 ibadilike ni kama moli 0.46, na kila molekuli inahitaji oksijeni kama moja, kwa hiyo unazungumzia karibu lita 11 za oksijeni tupu kwa joto na presha ya kawaida, ukitumia hewa ni zaidi ya lita 50. Sasa linganisha na inayoyeyuka: kimiminika cha aina hii kikishiba oksijeni kwenye presha ya bar 1 kinabeba milimoli 10 na kitu tu kwa lita. Hiyo inatosha kubadilisha kama asilimia 0.1. Presha ya oksijeni ikifika bar 10 unapata asilimia 1 na kidogo. Shika namba hii, tutairudia kwenye membreni.

Muda wa kukaa, yaani kimiminika kinakaa ndani ya chombo kwa muda gani. Sio wastani tu, na mtawanyiko wake pia. Kwenye chungu cha kukoroga kuna molekuli zinazotoka baada ya dakika mbili na nyingine zinazozunguka humo saa nzima zikigeuka asidi. Chaneli nzuri inazitoa zote karibu pamoja, na kwa mtu anayetaka kusimamia katikati ya ngazi hii ni faida kubwa kuliko hata kasi.

Joto. Kutoka saikloheksani mpaka saikloheksanoni na maji unaachia kama kJ 400 kwa moli, kuishia kwenye saikloheksanoli ni kama 190. Chukua asilimia 5 zile zile, nusu kwa nusu, kama joto halina pa kutokea kimiminika kinapanda kwa karibu nyuzi 100. Bomba la kipenyo cha milimita 1 lina mita za mraba 4,000 za ukuta kwa kila mita ya ujazo, la nusu milimita lina 8,000. Pipa la kipenyo cha mita 1 lina 4. Hapo huhitaji maelezo mengi.

Usalama. Hapa nakaa kidogo maana kuna uvumi umeenea kwamba chaneli ikiwa ndogo basi mwali hauwezi kupita, umemaliza. Nusu ya hiyo ni kweli. Umbali ambao kuta zinaweza kuzima mwali wa haidrokaboni nyingi kwenye hewa ni kama milimita 2, kwa hidrojeni ni kama 0.6, lakini namba hizo ni za presha ya kawaida na hewa ya kawaida. Presha ikipanda umbali huo unapungua karibu kwa uwiano uleule, kwa hiyo kwenye bar 10 ile milimita 2 imebaki 0.2 hivi, ukiweka oksijeni tupu unapungua tena. Kapilari yako ya milimita 0.8 kwenye presha hiyo haizimi chochote kwa wembamba wake peke yake. Kinachokulinda zaidi ni udogo wa kilichomo. Tarehe 1 Juni 1974 kule Flixborough, Uingereza, mtambo wa kuoksidisha saikloheksani ulilipuka ukaua watu 28: riakta moja kati ya sita zilizopangwa mfululizo ilikuwa imeondolewa kwa sababu ya ufa, likawekwa bomba la muda la kuunganisha, likaachia, tani nyingi za kimiminika cha moto zikamwagika na kuwa wingu. Riakta ya mililita 5 haina cha kutengenezea wingu. Ila chupa yako ya kupokelea bidhaa inaweza, na hiyo ndo watu wanaisahau: gesi yenye oksijeni na mvuke wa mafuta vinakutana pale, tena kwenye nafasi kubwa. Pitisha naitrojeni hapo mpaka oksijeni iwe chini kabisa ya asilimia 10, mchanganyiko mwingi wa haidrokaboni unahitaji kama 10 hadi 12 ndo ushike moto kwa hali ya kawaida, kwa hiyo usisimame ukingoni.

Ukuta, yabisi, na kukuza kiwango. Haya nitayataja ndani ya kila chombo, ila la ukuta lina mambo yake nitarudi mwishoni.

Mapovu kwenye kapilari

Hii ndo ya kwanza wengi wanajaribu. Kimiminika kinaingia upande mmoja wa kiungo cha T, gesi upande mwingine, ndani ya kapilari unapata povu, kipande cha kimiminika, povu, kipande, kama shanga kwenye uzi. Povu linabanwa na utando mwembamba wa kimiminika ukutani, na ndani ya kila kipande kimiminika kinajizungusha chenyewe.

Oksijeni: nzuri sana. Utando wa mikromita 30 oksijeni inaupita kwa theluthi ya sekunde hivi, na ule mzunguko wa ndani unamaliza kazi. Isitoshe povu ni ghala linalosafiri na kimiminika, kikitumia oksijeni iliyoyeyuka kinachota nyingine, kwa hiyo asilimia 5 inafikika bila taabu mradi umeingiza gesi ya kutosha.

Muda: hapa ndo penye mtego. Kapilari ya milimita 0.8 kwa mita 10 ina mililita 5, ukisukuma jumla ya mililita 0.25 kwa dakika unaandika "dakika 20" kwenye daftari unalala. Kumbe sio. Povu linasinyaa kadiri oksijeni inavyoliwa, kwa hiyo mtiririko unapungua kasi njiani. Halafu kuna mvuke: saikloheksani inachemka kwenye nyuzi 81, kwenye nyuzi 150 mvuke wake peke yake una presha ya zaidi ya bar 5. Ukiwa unaendesha bar 10, zaidi ya nusu ya povu ni mvuke wa saikloheksani wala sio oksijeni, povu limevimba, kila kitu kinakimbia kuliko ulivyopanga, na oksijeni uliyodhani ni bar 10 ni chini ya 5. Panda bar 20 au 25 shida hii inapungua sana. Ukiweza piga picha mapovu mwanzoni na mwishoni mwa bomba upime kasi kwa macho, ni njia ya kizamani lakini haidanganyi.

Joto: halisumbui. Zungusha kapilari kwenye beseni la mafuta ya moto, imeisha.

Usalama: kila povu ni dogo na limetengwa na mwenzake kwa kimiminika. Kuna watafiti Ufaransa walichapisha mwaka 2008 kazi ya kuoksidisha saikloheksani kwa oksijeni tupu kwenye riakta ya kioo na silikoni (ile ya chipu za kompyuta, sio mpira), zaidi ya nyuzi 200 na presha mpaka bar 25, yaani hali ambayo kwenye pipa kubwa hakuna mtu mwenye akili timamu angeijaribu. Hiyo ni hoja nzito upande wa mapovu. Sio ruhusa ya kuzembea kwenye mwisho wa bomba.

Usumbufu: pampu. Mi nishawahi kupoteza siku mbili natafuta kwanini mapovu yanatoka marefu na mafupi kwa zamu, nikabadilisha T, nikabadilisha gesi, kumbe pampu ya sindano ilikuwa inapumua kwa kila hatua ya mota. Mapovu yasiyolingana ni muda wa kukaa usiolingana, basi faida yote imekwenda. Na yabisi yoyote ikijitokeza inaziba. Kukuza kiwango unaongeza idadi ya kapilari, na kugawa gesi na kimiminika sawasawa kwenye kapilari 20 ni kazi ya uhandisi inayojitegemea, usiidharau.

Inamfaa: mwenye mmenyuko wa dakika kadhaa mpaka nusu saa, joto la juu, kila kitu ni kimiminika, na anayetaka kuona kinachoendelea.

Bomba ndani ya bomba

Bomba la ndani ni membreni inayopitisha gesi, kawaida ni plastiki iitwayo Teflon AF-2400, la nje linashikilia presha. Kimiminika kinapita upande mmoja, oksijeni upande wa pili, hakuna povu. Kundi la mkemia Steven Ley pale Chuo Kikuu cha Cambridge ndo lililoitangaza sana kuanzia karibu 2010, kwa gesi nyingi tu, oksijeni ikiwa moja.

Oksijeni: inaingia taratibu kupitia ukuta kwa urefu wote wa membreni, na unaweza kuipunguza au kuiongeza kwa kugusa presha ya gesi bila kubadilisha mtiririko wa kimiminika hata kidogo. Udhibiti wa hivo mapovu hayakupi. Ila kuna mapungufu mawili. La kwanza, bila povu hakuna mzunguko wa ndani, oksijeni inatembea kwa difyusheni tu (kujisambaza yenyewe), na kutoka ukutani mpaka katikati ya bomba la milimita 0.6 ni kama nusu dakika. La pili ni ile namba: watu wengi wanashibisha kimiminika kwenye membreni ikiwa baridi halafu wanakipeleka kwenye koili ya moto. Ukifanya hivo unakwenda na oksijeni iliyoyeyuka tu, yaani kwa bar 10 ni asilimia 1 na kidogo, basi. Kama unataka zaidi, mmenyuko lazima ufanyike ndani ya membreni yenyewe ikiendelea kulishwa.

Muda: safi, hakuna mapovu ya kusinyaa, ujazo gawa kwa mtiririko na jibu linakaribia ukweli.

Joto: linaondoka vizuri, lakini membreni ikipata moto na haidrokaboni kwa pamoja inavimba na kulegea. Zaidi ya nyuzi 100 na kitu mimi nasita.

Usalama: hakuna mchanganyiko wa gesi ndani ya kimiminika, watu wanafurahi hapo. Wanachosahau ni kwamba membreni inayopitisha oksijeni kuingia inapitisha pia mvuke wa kiyeyusho kutoka, kwa hiyo ile nafasi ya nje yenye oksijeni inaanza kukusanya mvuke. Usiifunge ikae, iache gesi ipite polepole muda wote. Na presha ya kimiminika iwe juu kidogo ya presha ya gesi, la sivyo gesi inaanza kutoka kama mapovu na umerudi kule kwingine bila kutaka.

Usumbufu: membreni ni ghali na ikipata mkunjo umeipoteza. Kukuza kiwango ni kurefusha au kurudia.

Inamfaa: anayetaka hatua ndogo iliyopimwa, anayesoma kinetiki (kasi za mmenyuko), anayefanya uoksidishaji wa mwanga kwa joto la chini, au anayetaka kusimama kwenye haidroperoksidi ya kitu chepesi kuoksidika. Wa saikloheksani kwenye nyuzi 150 apite tu.

Utando unaoshuka

Hapa kuna bamba lenye mifereji midogo, mfano upana wa mikromita 300 na kina cha 100, limesimamishwa wima, kimiminika kinashuka kama utando wa makumi ya mikromita na gesi inapita mbele yake ikiwa huru. Taasisi ya IMM ya Mainz, Ujerumani, ndo jina linalotajwa zaidi kwenye aina hii.

Oksijeni: ukiangalia eneo la mgusano hakuna anayeifikia kirahisi, inafika mita za mraba 20,000 kwa mita ya ujazo ya kimiminika. Joto: nyuma ya bamba kuna njia za kibaridishi, linaondoka papo hapo. Muda: na hapo ndo hadithi inaisha kwa wengi, kwa sababu kimiminika kinashuka kwa sekunde chache, ukijitahidi sana kama dakika moja. Oksidesheni ya radikali inayotaka dakika 20 haiwezi. Unaweza kukirudisha juu kizunguke tena na tena, lakini ukishafanya hivo mtawanyiko wa muda wa kukaa umerudi kuwa wa chungu na umelipia bamba bure.

Usalama: gesi iko kwenye chumba kimoja kilicho wazi, sio kwenye povu dogo, na mbele yake kuna haidrokaboni inayotoa mvuke. Mi hapa nisingetumia oksijeni tupu na kitu chepesi, ningechanganya na naitrojeni. Usumbufu: utando ukikatika mahali pakakauka unapata sehemu yenye joto na uchafu.

Inamfaa: mmenyuko wa haraka kweli kweli, ozoni kwenye haidrokaboni zenye kifungo maradufu, uoksidishaji wa mwanga wenye kasi, maana utando mwembamba mwanga unaupenya wote.

Punje

Bomba la milimita chache, ndani punje za kichocheo za mikromita 50 mpaka 300, gesi na kimiminika vinapita pamoja katikati yake.

Oksijeni: gesi inavunjwavunjwa na punje, mgusano unakuwa mkubwa. Tatizo ni gesi kujitafutia njia yake upande mmoja na kimiminika upande mwingine, kitu ambacho huoni kwa sababu bomba ni chuma. Punje zinazolingana ukubwa na kujaza kwa kugongagonga taratibu vinasaidia kuliko hesabu nyingi.

Muda: nafasi kati ya punje ni kama asilimia 40 tu ya bomba, kwa hiyo ni sekunde mpaka dakika chache, lakini kichocheo kipo kingi kwa kila tone, mara nyingi inatosha. Kumbuka gharama ya presha: ukipunguza punje kwa nusu, presha inayohitajika kusukuma inakuwa mara nne.

Joto: dhaifu kuliko wenzake. Punje zilizolowa hazipitishi joto vizuri, bomba likiwa pana katikati panaweza kuwa na moto usioujua. Baki kwenye milimita chache, au changanya kichocheo na punje zisizofanya kazi yoyote ili kutawanya moto.

Usalama: gesi iliyo huru ni kidogo na punje zenyewe zinasaidia kuzima mwali. Ila kichocheo cha metali na haidroperoksidi nyingi ni watu wasioelewana, ukisimamisha pampu bomba likiwa moto mmenyuko unaendelea bila wewe. Panga kabla utakachofanya umeme ukikatika.

Usumbufu: kichocheo kuyeyuka. Kobalti, vanadi, chromi, zote zinajulikana kung'oka kutoka kwenye kibebeo chake na kwenda na kimiminika, hasa asidi zikianza kutokea, na unabaki unasifia kichocheo kigumu wakati kazi inafanywa na kilichoyeyuka. Mkemia Roger Sheldon aliandika sana kuhusu mtego huu. Kipimo ni rahisi: chuja kingali cha moto, kiache kiendelee na oksijeni bila punje, kama mmenyuko unaendelea kama awali umepata jibu lako na sio zuri.

Inamfaa: anayetaka ketoni na alkoholi na hataki haidroperoksidi ibaki, anayetaka kuepuka kutenganisha kichocheo, na aliye na kichocheo kilichokwisha kuthibitishwa. Kama bado unatafuta kichocheo, kujaza na kumwaga punje kila siku kutakuchosha.

Nitaje kwa haraka: kama haidrokaboni yako ni gesi, mfano ethilini kwenda oksidi ya ethilini kwa fedha kwenye nyuzi 200 hadi 300, au butani kwenda anihidridi maleiki kwenye nyuzi 400 hivi kwa vanadi na fosforasi, basi hayo yote ya mapovu hayakuhusu. Wewe unataka chaneli za chuma zilizopakwa kichocheo ukutani, na vita yako ni joto tu.

Ukuta, na namna ya kupima

Chombo chochote ukichagua, ukuta wake ni mshiriki. Stenlesi inapasua haidroperoksidi kwa chuma na manganizi yaliyomo, ndo maana hata mitambo mikubwa ya saikloheksani kuta zinatulizwa kwa sodiamu pairofosfeti. Kwenye chaneli yenye ukuta mara elfu zaidi ya pipa athari nayo ni kubwa kwa kiasi hicho. Kioo na silikoni ni tulivu, PFA (plastiki ya jamii ya Teflon) ni tulivu pia na unaona ndani, ila presha inayovumilia inashuka joto likipanda, na oksijeni inavuja kidogo kupitia ukuta wake. Radikali pia zinafia ukutani, unaweza kukuta bomba zima linapita hakuna kilichoanza, hapo weka kidogo haidroperoksidi ya tert-butili au rudisha sehemu ya bidhaa ya jana kama mbegu.

Na kabla hujalinganisha riakta mbili hakikisha unapima kitu kimoja. Haidroperoksidi ikiingia kwenye mashine ya kromatografia ya gesi inapasuka kwenye moto wa mlangoni na kutokea kama ketoni na alkoholi, unaandika umepata ketoni kumbe hukupata. Pima sampuli mara mbili, mara ya pili baada ya kuongeza trifenilifosfini: inageuza haidroperoksidi yote kuwa alkoholi, kwa hiyo alkoholi ikiruka juu na ketoni ikashuka, ujue kulikuwa na haidroperoksidi nyingi humo. Ni mbinu iliyoenezwa na mkemia Shul'pin. Nimeona ubishi wa membreni dhidi ya mapovu ukiisha kwa jaribio hilo moja.

Kwa hali yako

Kama unataka haidroperoksidi ya kumeni au ya ethilibenzini, kaa mbali na metali. Mapovu kwenye PFA au kioo kwa joto la kati, na kama unachofuata ni kinetiki kuliko mavuno basi bomba ndani ya bomba. Punje hapana.

Kama ni saikloheksani na unataka ketoni na alkoholi, mapovu kwenye presha ya bar 20 na kuendelea, kioo na silikoni au stenlesi iliyotulizwa, au punje kama tayari una kichocheo ambacho hakijafeli kipimo cha kuchuja. Kati ya hizo mbili mi ningeangalia nani atakuwa anaendesha: mapovu yanahitaji mtu mwenye subira na pampu, punje zinahitaji mtu mwenye subira na kemia.

Kama mmenyuko wako unaisha ndani ya sekunde kumi na unatoa joto jingi, utando unaoshuka, gesi iliyochanganywa na naitrojeni.

Kama una bajeti ndogo na ndo unaanza, kapilari ya PFA, T moja, vali ya kushikilia presha mwishoni, vali isiyorudisha kwenye njia ya gesi, na oksijeni iliyopunguzwa kwa naitrojeni. Utakosea kwa bei rahisi na utaona kosa kwa macho.

Kama ni paraksilini, simama kwanza. Asidi tereftaliki haiyeyuki kirahisi hata kwenye asidi asetiki ya moto, itaganda ndani ya chaneli na vyote vinne vitaziba. Unaweza kusoma hatua za mwanzo mpaka asidi toluiki kwa mapovu, ukiwa na kiyeyusho kingi na mkusanyiko mdogo, huku bomba lote mpaka kwenye vali ya mwisho likibaki na moto uleule, maana kipande kimoja cha sentimita tano kikipoa nje ya beseni ndo kitakachokufanya ukate bomba zima na kuanza upya.